Uwiano na Zao: Jinsi Volteji na Mkondo Vinavyofichua Ukinzani na Nguvu ya Umeme

Katika saketi ya umeme, yaani njia kamili ambayo umeme huanzia kwenye chanzo, hupita katika nyaya na kifaa, kisha hurudi ulikoanzia, vipo vitu viwili vinavyoweza kupimwa bila kukifungua kifaa wala kujua kimeundwa kwa madini gani, navyo ni volteji na mkondo. Kutokana na vipimo hivyo viwili hupatikana vingine viwili kwa hesabu iliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari, kwani volteji ikigawanywa kwa mkondo hutoa ukinzani, na volteji ikizidishwa kwa mkondo hutoa nguvu. Wepesi wa hesabu hiyo umewafanya wengi waikariri na kuiacha darasani, ilhali ndani yake mna maelezo ya kwa nini soketi huyeyuka na fyuzi isikatike, kwa nini maji huchelewa kuchemka umeme unapokuwa mdogo, na kwa nini waya unaoitosha taa ya gridi hauitoshi taa ya sola yenye mwanga uleule.

Mkondo ni kiasi cha chaji za umeme kinachopita mahali fulani katika waya kwa kila sekunde. Chaji hupimwa kwa kulombi, na mkondo wa kulombi moja kwa sekunde huitwa ampea moja, ambao katika waya wa metali ni sawa na elektroni zipatazo trilioni moja mara milioni 6.24 zikipita kila sekunde. Volteji, kwa upande wake, ni kazi inayofanywa na umeme kwa kila kulombi inayosogea kutoka nukta moja hadi nyingine, na kazi ya juli moja kwa kulombi moja huitwa volti moja. Maana hizi mbili zikiwekwa pamoja, kanuni ya nguvu hujitokeza yenyewe bila jaribio lolote la maabara: juli kwa kila kulombi, zikizidishwa kwa kulombi kwa kila sekunde, huwa juli kwa kila sekunde, na nguvu katika maana inayotumika hapa ni hiyo hiyo kasi ya kutumia nishati, ambayo kipimo chake ni wati. Kwa hiyo, iwapo V ni volteji, I ni mkondo na P ni nguvu, basi P = V × I.

Lipo jambo moja katika maelezo hayo ambalo halipaswi kupitwa upesi. Mkondo hupimwa mahali pamoja, lakini volteji daima ni ya baina ya nukta mbili, na kuitaja bila kusema ni baina ya wapi na wapi ni sawa na kutosema kitu. Ndiyo maana amita, chombo cha kupimia mkondo, huunganishwa mfululizo na kifaa ili mkondo wote upite ndani yake, na kwa sababu hiyo huundwa iwe na ukinzani mdogo sana, ilhali voltimita huunganishwa sambamba, ncha moja upande huu wa kifaa na nyingine upande ule, nayo huundwa iwe na ukinzani mkubwa ili isinyonye mkondo. Anayeiweka multimita, chombo kinachojumuisha amita na voltimita, kwenye nafasi ya ampea kisha akachomeka ncha zake katika matundu mawili ya soketi ameunganisha waya wa moto na nyutro kwa kipande cha metali, na matokeo yake huweza kumjeruhi vibaya.

Birika la umeme linafaa kuwa kielelezo cha kwanza, kwa kuwa ndani yake hamna chochote cha kutatiza hesabu. Volteji baina ya ncha za koili yake ikipimwa na kuwa volti 230, ambayo ndiyo volteji rasmi ya majumbani nchini Tanzania, na mkondo ukawa ampea 8.7, basi nguvu yake ni 230 × 8.7, yaani wati 2,001, na ukinzani wake ni 230 ÷ 8.7, yaani ohmu 26.4, ohmu ikiwa ndiyo kipimo cha ukinzani. Vifaa vyenye mota, kama friji na pampu, vinataka uangalifu zaidi, kwa sababu umeme wa gridi ni wa mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara kwa mara, na katika mota mawimbi ya mkondo huchelewa nyuma ya mawimbi ya volteji, hivi kwamba zao la vipimo viwili huzidi wati zinazotumika kweli na hulazimu kupunguzwa kwa kigawe maalumu. Kwa birika, pasi, hita ya maji na jiko la koili, kigawe hicho ni sawa na moja na kinaweza kusahauliwa.

Ikiwa zao la volteji na mkondo ni tokeo la maana za maneno, uwiano wa viwili hivyo una historia tofauti kabisa, kwa kuwa ulipatikana kwa jasho la mtu mmoja. Georg Simon Ohm, aliyezaliwa Erlangen mwaka 1789, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya mjini Cologne alipoanza kuchunguza jinsi urefu wa waya unavyoathiri umeme unaopita ndani yake. Majaribio yake ya kwanza, aliyoyachapisha mwaka 1825, yalimpa kanuni isiyo sahihi, na kosa halikuwa katika fikra zake bali katika chanzo cha umeme, kwani betri za wakati ule, zilizotokana na uvumbuzi wa Volta wa mwaka 1800, zilidhoofika wakati kipimo kikiendelea. Kwa ushauri wa mwanafizikia Poggendorff alihamia kwenye chanzo kilichotokana na ugunduzi wa Seebeck wa mwaka 1821, ambamo metali mbili zilizounganishwa hutoa umeme endapo kiungo kimoja ni cha moto na kingine ni cha baridi. Ohm alitumia shaba na bismuthi, akakiweka kiungo kimoja katika maji yanayochemka na cha pili katika barafu, na kwa kuwa halijoto hizo mbili hazibadiliki, volteji nayo ikatulia.

Hakuwa na amita. Alining'iniza sindano ya sumaku juu ya saketi na kupima ni kiasi gani cha kusokota uzi wake kilihitajika kuirudisha mahali pake, kisha akabadilisha nyaya nane za shaba zenye unene mmoja na urefu tofauti. Kutokana na jedwali la vipimo hivyo alitambua kwamba athari ya umeme ni sawa na namba moja, inayotegemea chanzo, ikigawanywa kwa jumla ya urefu wa waya unaojaribiwa na namba nyingine isiyobadilika inayowakilisha sehemu iliyobaki ya saketi. Huo ndio uwiano unaofundishwa leo, na inastahili kuonwa kwamba tangu siku ya kwanza ulihesabu saketi yote, chanzo na viungo vyake vikiwamo, wala si kile kifaa kinachotazamwa peke yake. Kitabu chake kilichotoka Berlin mwaka 1827 hakikupokewa kwa shangwe nchini kwake, na heshima kubwa ilimfikia kutoka London, pale Royal Society ilipomtunukia Nishani ya Copley mwaka 1841. Mkutano wa kimataifa wa wanaumeme uliofanyika Paris mwaka 1881 ulipitisha jina lake kuwa kipimo cha ukinzani.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo vitabu vingi vya shule huyachanganya. Kusema kwamba R = V ÷ I, R ikiwa ukinzani, ni kutoa maana ya ukinzani tu, na maana hiyo hushika kwa kifaa chochote wakati wowote. Sheria ya Ohm inadai zaidi ya hapo: inadai kwamba kwa waya wa metali usiobadilika halijoto, jibu la mgawanyo huo ni lile lile hata volteji ikipandishwa au kushushwa. Sharti la halijoto ni zito kuliko linavyosikika. Balbu ya zamani yenye uzi wa tangsteni, ya wati 60 na volti 230, huchukua ampea 0.26 ikiwaka, hivyo ukinzani wake ni kama ohmu 880. Lakini ikizimwa, ikapoa, kisha ikapimwa kwa ohmita, chombo husoma chini ya sehemu ya kumi ya namba hiyo. Chombo hakijakosea, kwani uzi unaowaka una joto la takriban nyuzi 2,500 za Selsiasi, na ukinzani wa tangsteni hupanda pamoja na joto. Kwa hiyo katika sehemu ndogo ya sekunde baada ya swichi kubonyezwa, balbu huvuta mkondo unaozidi mara kumi ule wa kawaida, na hiyo ni sababu mojawapo ya balbu hizo kuungua mara nyingi pale pale zinapowashwa. Koili ya birika, iliyofanywa kwa aloi ya nikeli na kromi, hubadilika kwa asilimia chache tu, na ndiyo maana fundi umeme anaweza kuipima ikiwa baridi, tena imechomolewa, na kukadiria wati zake bila hofu ya kukosea sana. Chaja ya simu nayo ni ya jinsi nyingine kabisa: volteji ikishuka, yenyewe huvuta mkondo mkubwa zaidi ili nguvu isipungue, jambo ambalo metali haiwezi kulifanya.

Uwiano na zao vikiunganishwa huzaa kanuni mbili zaidi. Kwa kuwa V ni sawa na I × R, nguvu inaweza kuandikwa kuwa mkondo kipeo cha pili mara ukinzani, yaani P = I² × R; na kwa kuwa I ni sawa na V ÷ R, nguvu hiyo hiyo inaweza kuandikwa kuwa P = V² ÷ R. Ya kwanza ilithibitishwa kwa majaribio na James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza, aliyezamisha nyaya katika maji, akapitisha mkondo, akasoma kipimajoto, na kutangaza mnamo 1840 na 1841 kwamba joto hufuata ukinzani na kipeo cha pili cha mkondo. Kanuni hizi mbili, zikiwekwa bega kwa bega, huonekana kupingana: moja inasema ukinzani ukiongezeka joto huongezeka, na nyingine inasema ukinzani ukiongezeka joto hupungua. Mkanganyiko huo ndio kiini cha sura hii, na ufumbuzi wake ni kuuliza ni kipi kilichoshikiliwa kisibadilike. Mahali ambapo mkondo ndio umeshikiliwa, kanuni ya Joule hujibu moja kwa moja. Mahali ambapo volteji baina ya ncha za kifaa ndiyo imeshikiliwa, kanuni ya pili hujibu. Na mahali ambapo hakuna kimojawapo kilichoshikiliwa, lazima saketi yote ihesabiwe, kama alivyofanya Ohm.

Birika linarudi hapa kueleza tatizo linalojulikana vijijini na pembezoni mwa miji, ambako nyumba ziko mbali na transfoma na jioni umeme huwa mdogo. Ukinzani wa koili umeshikiliwa kwenye ohmu 26.4, kwa hiyo volteji ikishuka kutoka 230 hadi 200, mkondo hushuka hadi ampea 7.6 na nguvu hushuka hadi wati 1,515. Volteji imepungua kwa asilimia 13 lakini nguvu imepungua kwa asilimia 24, kwa sababu volteji na mkondo vimeshuka pamoja na kila kimoja kimechukua sehemu yake. Kupasha lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji juli zipatazo 471,000, kazi ambayo kwa wati 2,000 huisha kwa takriban dakika nne na kwa wati 1,515 hupita dakika tano. Mteja hapati nafuu yoyote katika mita ya LUKU, yaani mita ya malipo ya kabla, kwa kungoja huko, kwa maana uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani juli 3,600,000, na maji yaleyale yanadai juli zilezile, pamoja na ziada ya joto linalopotea hewani wakati wa kusubiri.

Kisa cha soketi inayoyeyuka ni kigumu zaidi na ni cha hatari zaidi. Birika lile lile, volteji ikiwa 230 tena, likichomekwa katika soketi ambayo skrubu yake imelegea, kiungo hicho huwa na ukinzani wake, na ukichukuliwa kuwa nusu ohmu, jumla ya ukinzani wa saketi huwa ohmu 26.9 na mkondo huwa ampea 8.55. Mkondo umepungua, haukuongezeka, na fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi, ambayo haijui lolote ila mkondo, haina sababu ya kukatika. Hata hivyo, joto linalozalishwa katika kiungo ni 8.55 × 8.55 × 0.5, takriban wati 37, kiasi cha kutosha kuendesha chuma cha kulehemu cha fundi redio, na joto hilo lote limejikusanya katika kipande cha shaba nyeupe kisichozidi ukucha, ndani ya plastiki isiyo na hewa. Joto huchakaza uso wa metali na kulegeza springi, ukinzani hupanda, na ukifika ohmu mbili joto huwa wati 131. Hesabu ikiendelezwa, joto katika kiungo hupanda hadi ukinzani wake ulingane na ule wa birika, ambapo hufikia wati 500, na kuanzia hapo hushuka, hivi kwamba kiungo cha ohmu 10,000 hutoa takriban wati tano tu. Kanuni zote mbili zimetimia katika saketi moja: ukinzani wa kiungo ukiwa mdogo kuliko wa kifaa, ni kifaa kinachoamua mkondo na kanuni ya Joule ndiyo inayoonekana; ukiwa mkubwa, karibu volteji yote huangukia kiungo na kanuni ya pili ndiyo inayotawala. Kwa bahati mbaya plastiki huwa imekwisha kuungua kabla ya kilele kufikiwa. Birika muda huo wote huendelea kuchemsha maji, kwani mwanzoni hupoteza wati 70 tu kati ya 2,000, na mtumiaji hana dalili nyingine zaidi ya harufu na plagi inayochoma kiganja. Plagi yenye joto baada ya matumizi ni kipimo cha ukinzani ambacho kila mwenye nyumba anacho, na kingeokoa nyumba nyingi kama kingeheshimiwa.

Nyaya zenyewe zina ukinzani unaotegemea hasa mambo matatu: urefu, unene na metali. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1.5, uliovutwa mita 20 hadi kwenye taa, una urefu wa mita 40 ukihesabiwa kwenda na kurudi, na ukinzani wake ni kama ohmu 0.46. Kwenye mfumo wa sola wa volti 12, taa na redio za jumla ya wati 60 huhitaji ampea 5, na mkondo huo ukipita katika waya huo hupoteza volti 2.3, karibu sehemu ya tano ya volteji yote, huku wati 11.5 zikiishia kupasha waya joto. Wati 60 hizo hizo kwenye volti 230 huhitaji ampea 0.26, ambayo hupoteza volti 0.12 na wati 0.03. Waya ni uleule na nguvu ni ileile, lakini hasara inatofautiana zaidi ya mara mia tatu na sitini, kwa kuwa volteji ikipunguzwa mara 19 mkondo huongezeka mara 19, na hasara hufuata kipeo cha pili. Anayefunga sola kwa nyaya za kufungia nyumba ya gridi hukuta taa hafifu na kuilaumu paneli au betri, ilhali kilichohitajika ni waya mnene, au betri isogezwe karibu na taa.

Kwa hesabu hiyo hiyo umeme wa bwawa la Inga, kwenye Mto Kongo, hufika katika migodi ya shaba ya Kolwezi. Njia hiyo, iliyokamilika mwaka 1982 ikiwa na urefu wa kilomita zipatazo 1,700, hutumia mkondo mnyofu, usiobadili mwelekeo, hivyo kanuni za sura hii huifaa bila marekebisho. Waya mmoja uko kwenye volti 500,000 chanya na mwingine kwenye volti 500,000 hasi, yaani baina yake mna volti 1,000,000, na nguvu iliyokusudiwa mwanzoni ya megawati 560 hugeuka kuwa mkondo wa ampea 560 tu. Kama nguvu hiyo ingepitishwa kwa volti 11,000, mkondo ungekuwa takriban ampea 50,900, na hasara katika nyaya zilezile ingezidi mara 8,200, jambo ambalo maana yake halisi ni kwamba hakuna umeme ambao ungefika.

Ni katika njia kama hiyo ambapo kosa la kutaja volteji bila kutaja nukta zake huonekana kwa ukubwa wake. Ikichukuliwa, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba nyaya hizo zina ukinzani wa jumla wa ohmu 20, mtu anaweza kuchukua volti 1,000,000, akaziweka katika V² ÷ R, na kupata hasara ya megawati 50,000, ambayo ni karibu mara tisini ya umeme wote uliotumwa. Volteji hiyo ni ya baina ya waya mmoja na mwingine, wala si ya baina ya mwanzo na mwisho wa nyaya. Volteji inayoangukia ukinzani wa nyaya ni 560 × 20, yaani volti 11,200, nayo ikiwekwa katika kanuni hiyo hiyo hutoa megawati 6.3, sawasawa na jibu la kanuni ya Joule, 560 × 560 × 20.